Maranda ya Barafu Buntwani

Seremala akipiga randa ubao uliokauka sawasawa, na kisu cha randa yake kikiwa kimenolewa asubuhi hiyo, maranda hutoka membamba na marefu, yamejikunja yenyewe, na ukiyafumbata mkononi huhisi uzito wowote. Mwezi wa Februari, siku ya Ijumaa baada ya swala ya Alasiri, niliketi kwenye benchi chini ya mkungu, hatua chache kutoka ufukwe wa Buntwani hapa Malindi, nikaiona mashine ya chuma ikifanya kazi hiyo hiyo juu ya jiwe la barafu. Kilichoanguka ndani ya bakuli hakikuwa chenga wala vipande, kilikuwa maranda. Tangu siku hiyo nimekwenda kwenye kibanda kile mara sita: nimekwenda peke yangu, nimekwenda na mpwa wangu wa miaka tisa, na mara moja nimekwenda na shangazi yangu, ambaye kwa kawaida hagusi kitu cha baridi kwa kuhofia meno yake. Naandika tathmini hii kwa sababu kinachouzwa pale ni kitu ambacho sikuwahi kukikuta kwingine katika mji huu, na kwa sababu nimewaona watu wengi wakiagiza visivyo kisha wakaondoka wakisema kwamba ni barafu tu iliyotiwa rangi.

Kibanda chenyewe hakina bango. Watoto wa mtaani hukiita "kwa barafu ya kukuna", wakifananisha kazi ile na kukuna nazi, na jina hilo limeshika. Naelewa lilikotoka, lakini silikubali, kwa kuwa meno ya mbuzi hurarua nyama ya nazi ikatoka chengachenga, ilhali kisu cha mashine ile hakirarui. Kinachukua ngozi ya juu tu ya barafu, nyembamba kuliko karatasi, na kuiacha iliyobaki ikiwa laini kama kioo kilichopanguswa. Tofauti hii ndiyo tofauti yote. Barafu iliyopondwa ina chembe nzito zenye mianya mikubwa katikati yake, na shira ukiimimina juu hupita mianyani ikaenda kutuama chini ya kikombe, kwa hiyo mlaji hutafuna barafu tupu mpaka mwisho, kisha hunywa sukari. Barafu iliyopigwa randa ina matabaka yanayolaliana kama pamba iliyochambuliwa, na shira hunaswa kati ya tabaka na tabaka, ikabaki pale mpaka kijiko cha mwisho.

Mwenye kibanda ni kijana wa hapa hapa, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa msaidizi wa jikoni katika meli za abiria, na meli mojawapo ilikuwa ikitia nanga Honolulu, katika visiwa vya Hawaii. Huko ndiko alikokula barafu hii kwa mara ya kwanza. Aliporudi nyumbani moja kwa moja alikuja na mashine ya mkono ya Kijapani, ya chuma kizito, yenye gurudumu la kuzungusha pembeni, na anaitunza kama mvuvi anavyotunza injini ya mashua yake. Kisu chake hukitoa kila asubuhi akakipitisha kwenye kinoo, na nimemwona akikijaribu kwa kukipitisha juu ya karatasi ya gazeti kabla ya kukirudisha mahali pake.

Ingawa dunia nzima inaifahamu barafu hii kwa jina la Hawaii, asili yake si huko. Ilifika na vibarua wa Kijapani waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Kundi la kwanza liliwasili mwaka 1868, na kuanzia 1885, Hawaii ikiwa bado ni ufalme, wengine walifuata kwa maelfu chini ya mikataba. Kwao walikuwa na kakigori, barafu iliyokatwa kwa kisu na kutiwa kitu kitamu, chakula ambacho kinatajwa katika maandishi ya Kijapani ya karibu miaka 1000 iliyopita, zama ambazo kupata barafu wakati wa joto lilikuwa jambo la watu wa kasri. Shambani, chini ya jua la miwa, chakula cha kasri kikawa cha kibarua. Wachina waliokuwa katika visiwa hivyo nao walikuwa na plamu zao zilizokaushwa kwa chumvi na sukari, ziitwazo li hing mui, na unga wake ukaanza kunyunyizwa juu ya barafu. Wajapani wakaweka maharage yao madogo mekundu ya azuki, yaliyopikwa kwa sukari, chini ya bakuli. Na maziwa mazito ya kopo yakamiminwa kileleni. Duka la familia ya Matsumoto, lililoko Haleiwa, kaskazini mwa kisiwa cha Oahu, lilifunguliwa mwaka 1951 likiwa duka la kawaida la mahitaji ya nyumbani, na leo ni barafu inayowapanga watu foleni mlangoni pake. Nayataja haya kwa sababu kijana wetu hakuiga jina tu. Ameelewa kwamba barafu ya Hawaii ilitengenezwa na watu waliochukua walichokuwa nacho jikoni kwao wakakiweka juu ya barafu, naye amefanya vivyo hivyo kwa vya jikoni kwetu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo wauzaji wengi wa vitu vya baridi katika pwani yetu wanapokosea, na ndipo kibanda hiki kinapostahili sifa kubwa kuliko pengine popote. Maji ya visima vingi vya Malindi yana chumvichumvi, na hata ukiyagandisha ladha hiyo haiondoki. Kijana hutumia maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na huyachemsha kwanza na kuyachuja. Kuchemsha si mapambo. Kugandisha hakuui viini vingi vya maradhi, kunavilaza tu, na barafu ikiyeyuka mdomoni huamka vikiwa salama. Watu wa pwani tuliokwisha kuona kipindupindu kikipita mitaani hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Baada ya maji kupoa huyamimina katika boksi lenye kuta nene za kuzuia joto, akaliacha wazi upande wa juu, kisha akalitia ndani ya friza. Kwa kuwa baridi inaweza kuingia kwa upande wa juu peke yake, maji huganda polepole kutoka juu kwenda chini, na barafu inapojijenga inasukuma hewa na chumvi mbele yake. Kabla maji hayajaganda yote, hulitoa boksi, akamwaga yale yaliyobaki chini, ambayo sasa yamebeba karibu chumvi yote, na jiwe linalosalia huwa jeupe la kuonana, kiasi kwamba mpwa wangu aliweka kitabu chake cha shule nyuma yake akasoma herufi.

Barafu ya namna hii si ile inayouzwa kwa wavuvi kwa ajili ya kuhifadhia samaki, na naomba wasomaji wasizichanganye. Ile ina kazi yake na inaifanya vizuri, lakini haikutengenezwa ili iliwe, na nimewahi kuona, katika mji mwingine wa pwani nisioutaja, muuzaji wa sharubati akiivunja kwa nyundo na kuitia katika glasi za watoto. Niliondoka bila kunywa, na nilijilaumu kwa muda mrefu kwamba sikusema neno.

Jambo la pili linalohusu barafu lilinifundisha subira. Siku yangu ya kwanza nilifika wakati jiwe limetoka tu katika friza. Lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, na nilipoomba bakuli kijana alitikisa kichwa.

"Shikamoo mama," alisema. "Tafadhali keti kidogo. Hili bado halijatoka jasho."

Nilimwitikia, nikaketi, ingawa moyoni nilidhani ananichelewesha. Baada ya kama robo saa ukungu ulikuwa umeondoka, jiwe limeanza kung'aa, na matone madogo yamejitokeza juu yake. Hapo akalipachika chini ya meno ya mashine, akazungusha gurudumu, na yale maranda niliyoyaeleza yakaanza kushuka. Baadaye alinionyesha sababu kwa kulitia jiwe jingine mapema, kabla ya wakati wake. Lilitoa unga mkavu wenye ncha, kama chumvi ya mawe iliyosagwa, kwa kuwa barafu iliyo baridi kupita kiasi ni ngumu na inavunjika badala ya kukatika. Barafu iliyokwisha kupata joto kidogo juu yake inakuwa laini kiasi cha kukubali kisu. Nimesikia watu wawili kwenye foleni wakilalamika kwamba huduma ya pale ni ya polepole. Nawasihi wavumilie. Ile robo saa ni sehemu ya mapishi, kama vile wali unavyopaliwa makaa juu ya kifuniko kabla ya kupakuliwa.

Bakuli hulizungusha kwa mkono mmoja huku mwingine ukiendesha gurudumu, na barafu hupanda kama kichuguu. Haishindilii. Huipapasa tu kwa kiganja kilichovikwa glovu ili isianguke, maana ukiishindilia matabaka hushikamana, ikawa bonge, na shira haiwezi tena kupenya.

Shira zenyewe ziko za aina mbili, na hapa ndipo ninapotaka kumsaidia anayekwenda kwa mara ya kwanza. Kuna chupa zilizopangwa mbele, nyekundu, kijani, manjano na buluu, zenye rangi kali, ambazo amezinunua zikiwa tayari. Watoto huziona hizo kwanza, na huagiza zote kwa pamoja ili bakuli liwe kama upinde wa mvua. Nimezionja zote nne, na nikifumba macho siwezi kuzitofautisha, kwa kuwa kila moja ni sukari na harufu. Ile ya buluu iliupaka ulimi wa mpwa wangu rangi mpaka siku ya pili. Nyuma yake, ndani ya boksi la baridi, ndimo zilimo shira anazozipika mwenyewe: ukwaju, embe, ubuyu, pasheni, ndimu na tangawizi, na mabungo yanapopatikana. Hazionekani mpaka uziulize. Ziulize.

Ya ukwaju ndiyo bora kuliko zote, na sioni kama kuna mjadala. Ameuloweka na kuukamua mzito, akautia sukari ya kutosha kuondoa ukali bila kuuua, pamoja na punje chache za chumvi na kitu ambacho nilikitambua katika kijiko cha tatu kuwa bizari nyembamba iliyokaangwa. Uchachu wake unapita katika barafu ukiwa mzima, nao ndio siri yake, kwa sababu baridi hufifisha utamu mdomoni, na shira iliyo tamu tu, ikishakuwa baridi, huonekana kama maji, ilhali uchachu husimama. Ndiyo maana ya embe, ambayo ilinivutia kwa harufu yake chupani, ilinipoa kidogo nilipoila juu ya barafu, hadi nilipomwomba aikamulie ndimu. Ya pasheni haina haja ya msaada huo. Watu wa Hawaii huliita tunda hilo lilikoi na wao pia hulipenda juu ya barafu, na nadhani wameona jambo hilo hilo. Ya ubuyu ni nzito mno. Inakaa juu ya kilele kama tope na haishuki, na ningependa aichuje mara moja zaidi au aiongeze maji kidogo.

Kipimo cha uzito wa shira ni jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupika kaimati analifahamu. Shira nzito ya kaimati ikimwagwa juu ya barafu hugandamana juu, na nyepesi kama sharubati huyeyusha kilele chote kabla hujashika kijiko. Inayofaa iko katikati, na lazima iwe imepozwa. Kijana huzitoa za kwake zikiwa baridi, lakini zile chupa za rangi hukaa mezani katika joto la mchana, na unaweza kuona kwa macho jinsi shimo linavyochimbika pale zinapogusa barafu.

Sasa nifike chini ya bakuli, mahali ambapo nilikwenda na shaka nikatoka na jambo la kuwasimulia jirani zangu. Badala ya azuki, kijana huweka kunde. Si kosa kama linavyosikika, kwani kunde, choroko na azuki ni jamii moja ya mimea, na ladha zao zina undugu. Huzipika kunde nyekundu mpaka ziive kabisa bila kupasuka, kisha huziacha zichemke taratibu katika sukari na tui, na hiliki mbili tatu zilizopondwa. Tumezoea kunde na mbaazi zikiwa mboga, pamoja na mahamri au wali, na mawazo ya kuzila zikiwa tamu chini ya barafu yalinifanya nisite. Shangazi yangu, ambaye alikuwa amekuja kunisindikiza tu, alichukua kijiko akachota kutoka chini, akatafuna kimya, akachota tena.

"Mwanangu," alimwambia kijana, "umezipika mwenyewe hizi, au umepikiwa?"

"Nimezipika mwenyewe, bibi. Mama alinionyesha kipimo cha tui."

"Basi mwambie mamako amekulea."

Kunde zina kazi mbili pale chini. Kwanza zinampa mlaji kitu cha kutafuna baada ya maranda yanayoyeyuka yenyewe, na pili zinashika shira inayofika chini na kuizuia isiwe dimbwi. Anayetaka anaweza kuongezewa donge la aiskrimu ya vanila juu ya kunde, kabla ya barafu kuwekwa, kama wafanyavyo Hawaii, lakini mimi naona aiskrimu inazifunika kunde na kuzinyima nafasi. Juu kabisa, badala ya maziwa ya kopo, humimina tui zito lenye chumvi kidogo na sukari kidogo zaidi. Tui lile likikutana na barafu hukaza kidogo, likawa kama utando, na chini yake ukwaju unaonekana ukiwa wa kahawia. Kama nilivyosema, sijui bakuli zuri zaidi ya hilo katika kibanda kile: kunde chini, ukwaju katikati, tui juu.

Kuna unga pia, katika kikopo chenye matundu, na usipouomba hupewi. Ni unga wa ubuyu uliochanganywa na chumvi, sukari na pilipili kali ya kusaga. Alinieleza kwamba aliutunga alipokumbuka ule unga wa li hing mui, ulio na chumvi, utamu na uchachu kwa wakati mmoja, akaona kwamba sisi tuna cha kwetu cha namna hiyo tangu tungali watoto. Nani kati yetu hajala embe bichi kwa chumvi na pilipili nje ya lango la shule? Nyunyiza kidogo juu ya embe au pasheni. Usinyunyize juu ya tui.

Malindi ni mji ambao Waitaliano wameishi kwa miongo mingi, na aiskrimu yao, jelato, inapatikana hapa ikiwa ya kiwango kizuri. Baadhi ya watu wameniuliza ni ipi bora kati ya hiyo na barafu ya randa, na nadhani swali lenyewe linavilinganisha vitu visivyolingana. Jelato ina maziwa, inajaza, na inabaki ulimini kwa muda. Barafu ya randa haina mafuta isipokuwa tui la juu, inapotea mara tu inapogusa ulimi, na kinachobaki ni ladha ya tunda na ubaridi unaoshuka mpaka kifuani. Baada ya biriani ya Ijumaa sihitaji jelato. Nahitaji ukwaju. Kilicho karibu zaidi nayo katika mazoea yetu ni zile barafu za ubuyu na za embe zinazogandishwa majumbani na kuuzwa kwa shilingi chache dirishani, na sizidharau hata kidogo, kwa kuwa nimekulia nazo. Ila zile huwa za kuguguna na kunyonya, utamu wake hutoka wote mwanzoni, ukabaki na kipande cheupe mkononi.

Yapo mambo matatu ambayo hayakunifurahisha, na nayasema kwa sababu natamani kibanda hiki kidumu. La kwanza na kubwa lilitokea siku ya Idi. Foleni ilifika barabarani, watoto walikuwa na fedha zao za sikukuu mkononi, na kijana pamoja na msaidizi wake walikuwa wakiyatoa mawe katika friza na kuyapachika moja kwa moja kwenye mashine. Bakuli nililopewa lilikuwa na ule unga mkavu niliouelezea, wenye ncha zinazochoma ulimi, na shira yote ilikuwa chini. Nililipa bei ile ile. Naelewa shinikizo la foleni, lakini siku ambayo watu mia wanakuja kwa mara ya kwanza ndiyo siku ambayo jiwe lilipaswa kutolewa mapema, na mawe matatu yangeweza kupangwa kivulini yakitoka jasho kwa zamu. La pili ni zile chupa za rangi. Nilimuuliza kwa nini anaziweka mbele na kuzificha za kwake, akanijibu kwamba watoto hununua kwa macho, na kwamba shira ya ukwaju huharibika baada ya siku chache ilhali chupa zile hukaa miezi. Ni jibu la mfanyabiashara, nami nalielewa, lakini hata chupa moja tu ya ukwaju ikiwekwa katika sinia la barafu mbele ya macho ya watu ingebadilisha mambo. La tatu ni vijiko vya plastiki kwa wanaochukua na kuondoka. Anayeketi hupewa bakuli la glasi na kijiko cha chuma, na vyombo vyake ni safi, vinaoshwa kwa maji ya moto. Anayeondoka hupewa kikombe cha karatasi, jambo jema, na kijiko cha plastiki, ambacho nimekiona kimelala mchangani karibu na mashua. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo yaliyohifadhiwa ya nchi hii, na bahari tunayoitazama tukiwa kwenye benchi lile ina hifadhi ya viumbe wake. Vijiti vya mbao vipo na bei yake si kubwa.

Kuhusu bei, bakuli dogo ni shilingi 80, kubwa ni 130, na kubwa lenye kunde na tui ni 180. Ukiwa na mtoto, bakuli kubwa moja na vijiko viwili linatosha. Wenye kujihadhari na sukari wanaweza kuomba shira nusu, naye hatii zaidi ya hapo wala hakushangai. Shangazi yangu aliomba hivyo, na ya ukwaju haikupoteza kitu. Kibanda hufunguliwa saa nane mchana na kufungwa kati ya saa tatu na saa nne usiku, hufunikwa kwa muda mfupi wakati wa Magharibi, na Mwezi wa Ramadhani hufunguliwa baada ya futari. Cheti cha afya cha wanaoshughulika na chakula kimetundikwa ukutani, kinasomeka. Viti havitoshi.

Umeme ulipokatika jioni moja ya mwezi wa Machi, maduka ya vinywaji ya upande ule yalianza kufunga milango. Pale chini ya mkungu kazi iliendelea, kwa kuwa mashine inaendeshwa kwa mkono, na mawe makubwa ya barafu, yaliyofungwa kwa gunia na kuzungushiwa maranda ya mbao aliyoyapata kwa seremala, hayana haraka ya kuyeyuka. Taa ya kandili ilikuwa imetundikwa tawini, na mwanga wake ulipita ndani ya jiwe mpaka upande wa pili.

Mara ya tano nilifika mapema, saa tisa kasoro, nikiwa nimewaahidi wageni wawili kutoka Lamu kwamba watakula kitu ambacho hawajapata kukila. Jiwe lilikuwa mezani, na katikati yake palikuwa na wingu jeupe, kwa kuwa usiku uliotangulia boksi lilichelewa kutolewa na maji yakaganda yote mpaka chini, pamoja na chumvi yake. Kijana alilitazama, akalipanguza, akalitazama tena.

"Mama, naomba radhi sana," alisema. "Hili la leo si la kuwapa wageni. Nitawapa la bure watoto wapoze maji. Njooni kesho."

Nilimwambia kwamba tumetoka mbali na kwamba wageni wangu hawatajua tofauti. Alitabasamu kwa adabu, akakataa, akatuletea maji ya kunywa. Tulirudi siku ya pili saa kumi. Jiwe lilikuwa kivulini, limekwisha toka jasho.